Sajenti Amemgeuka Chirau

Mbeyu, hutaamini. Natoka sasa hivi dukani kwa kaka yangu Chirau, hapa Ukunda. Amezima kompyuta, hataki kusemeshwa.

Ule mchezo wake wa bunduki, sehemu ya pili imefika! Tangu tisini na saba aingoja. Akaita watu hadi wa Msambweni, akawaambia, "Leo mtaona mambo."

Wamkumbuka Sajenti, mwenzake wa mle mchezoni, aliyekuwa akimkinga risasi mwanzo hadi mwisho? Wamemfanya adui. Adui, Mbeyu! Yuatokea mlangoni na bunduki, na huwezi kupita mpaka umuue.

Chirau akauliza, "Nimpige Sajenti?"

Owen wa hotelini, aliyemletea ile sidii ya mchezo, akamwambia, "Piga bana, ni gemu tu."

Chirau akaondoa mkono kwenye kipanya. Akauondoa kabisa! Sajenti akammiminia risasi, kioo kizima kikawa chekundu, watu wakaangua kicheko.

Chirau hakucheka. Akasema, "Wa kwanza ulinipa rafiki. Huu wataka nimuue ndipo niendelee."

Akaitoa sidii, akamrudishia Owen. "Chukua, ndugu yangu. Mimi siendelei."