Alama za Editha

Bweranyange, Karagwe
Jumanne

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake. Goti lako linaendeleaje? Korosho zimeanza kuanguka, au bado mnaangalia juu tu? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Roho ndiyo haijatulia, na nakuandikia wewe kwa sababu filimbi ya skauti niliyokuja nayo huku ni yako.

Ndizi nimezizoea, usicheke, ingawa Mwalimu Adventina, mwenzangu hapa shuleni, bado ananitania kwamba sizili, nazionja. Kila Jumamosi asubuhi nipo uwanjani na skauti wangu, watoto ishirini na kitu. Silipwi, na sikuwahi kujuta. Sasa najuta, Baba.

Kuna binti anaitwa Editha, ana miaka kumi na miwili. Wazazi wake wana asili ya Burundi, wanafanya vibarua kwenye kibanja cha mzee mmoja, migomba na kahawa kuzunguka nyumba. Editha mwenyewe kazaliwa hapahapa. Huyo mtoto, we! Nikiweka alama za njia, mishale ya vijiti na mawe, wenzake bado wanabishana yeye keshafika mwisho. Nilimwahidi kwamba kwenye kambi ya Kayanga bendera atabeba yeye.

Waandaaji wa kambi waliomba majina na umri, basi. Mimi na ujuaji wangu nikachora fomu, nikaongeza: baba anatoka wapi, na mahali pa muhuri wa kijiji. Nilifikiri mtoto akiugua kambini tujue pa kupeleka habari. Si wewe uliyenifundisha kwamba skauti hafanyi kazi nusunusu? Kwetu Newala nani angejali swali hilo? Wangeniandikia mpaka jina la babu. Alhamisi watoto wakaenda nazo nyumbani.

Ijumaa Editha alikuja darasani kama kawaida. Nilipomuuliza fomu akasema ameisahau. Nikamgombeza, Baba, mbele ya wenzake.

Alipotoka, Adventina akaiona nakala mezani kwangu, akashika kichwa.

"Wee Somoe! Hapa mtu haulizwi hivyo kwa karatasi. Tunajuana, tunanyamaza, tunaishi."

"Sasa si ni ya kambi tu?"

"Wewe unajua ni ya kambi. Baba yake anaona muhuri, anaona kurudishwa Burundi."

Jumamosi Editha hakuja. Langoni tukakuta mshale wa vijiti. Watoto wakashangilia, wakadhani nimewaandalia mchezo, wakaufuata mbio na mimi nyuma yao. Tukapita kisimani, tukafika kwenye kile kibanja. Nyumba yao mlango uko wazi, mafiga yamepoa, hata kuku hakuna. Mzee mwenye kibanja alikuwa anaanika kahawa.

"Wameondoka jana jioni," akasema. "Baba yake aliniuliza ile karatasi imetoka kwa nani. Nikamwambia sijui."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Mishale ikaendelea mpaka barabarani, pale yanaposimama magari ya kwenda Kyerwa. Hapo tukakuta duara la mawe, na jiwe moja katikati. Wewe unaijua alama hiyo: nimekwenda nyumbani. Watoto wakapiga makofi. "Mwalimu, Editha kafika nyumbani!" Nyumbani gani, Baba? Nyumbani kwake ndiko tulikotoka kupita sasa hivi, mlango wazi.

Sijui la kufanya. Adventina amesikia huenda wako upande wa Bugomora, kule Kyerwa, wanatafuta vibarua. Nikienda kuulizia, kila nitakayemuuliza atajua kuna watu wanatafutwa, na wao wakisikia watakimbia mbali zaidi. Nikikaa kimya, mtoto atakua akijua mwalimu wake ndiye aliyewafukuza. Fomu nimezichoma zote, lakini moto huo unamsaidia nani? Nimelia mpaka nimechoka.

Na si unajua sheria yetu, wa mwisho kupita ndiye anayefuta alama. Mishale nimeifuta yote, nikiogopa asije mwingine akaifuata. Duara limenishinda. Jana nilirudi pale barabarani, nikainama, nikaliokota lile jiwe la katikati. Nikasimama nalo mkononi, watu wananiangalia. Nikalirudisha mahali pake.

Nisalimie Mama, umwambie asihangaike kunitumia chochote. Nisalimie mdogo wangu Hamisi fundi baiskeli, na shangazi Zuhura, hasa yeye, maana ndiye aliyesema mdomo wangu utaniponza huku, kumbe ni kalamu. Bibi mshikie mkono kwa niaba yangu.

Filimbi yako nimeitundika msumarini. Jumamosi watoto watakuja uwanjani, nitaipuliza, watapanga mstari, halafu wataniuliza bendera anabeba nani.

Ni mimi binti yako,
Somoe