Neno Ulilolipaza Jeppestown

Kwako Babu, uliyezikwa kijijini kwetu Masisi,

Shangazi ametupigia simu. Anasema kwenye mazishi yako watu walisimuliwa habari za mjukuu wa Johannesburg ambaye hakuogopa. Mama alilia kwa fahari. Mimi niliingia chooni nikafunga mlango. Ndiyo sababu nakuandikia.

Ilikuwa mwaka 2017, wiki yako ya pili kwetu, na maghorofa ya mtaa wetu wa Hillbrow yalikuwa yamekuchosha. "Watu hawa wanakunywa maziwa ya ng'ombe gani?" uliuliza, ukiigeuzageuza pakiti. Nikakueleza nilichosoma: kwamba hata wanaume wa hapa wanaovaa suti na kufanya kazi benki, wakioa, mahari hutajwa kwa ng'ombe. Ukacheka. "Kumbe ni watu! Basi nipeleke nikawaone hao ng'ombe."

Jumamosi tukaenda mtaa wa Jeppestown, kwenye hosteli za Wazulu, ambako ng'ombe wa sherehe huletwa. Mama alitukataza jambo moja tu, tusiseme Kiswahili barabarani. Siku zile kulikuwa na maneno kwamba wageni tutafukuzwa.

Mbele ya hosteli ya wanaume tulikuta pikapu, na juu yake ng'ombe dume mweusi mwenye madoa meupe, wa sherehe, amegoma kushuka. Vijana walimvuta kwa kamba, wengine walimchapa. Ukausahau mji wote. Ulitangulia, ukapaza sauti: "Njaa! Ana njaa huyu! Njaa!"

Fimbo zikatulia hewani. Kwa Kizulu, Babu, "nja" ni mbwa. Ukimwambia mtu hivyo usoni, umemtukana.

"Umemwita nani mbwa, mzee?" aliuliza mwenye kamba. "Na umetoka wapi wewe?"

Hukuelewa. Ulitabasamu, ukaonyesha tumbo la ng'ombe, ukalirudia neno lile lile. Wakakuzunguka. Kizulu nasoma shuleni na alama zangu ni nzuri, na jibu lilikuwa la maneno mawili tu.

Wanaosimulia wanasema nilijipenyeza katikati ya wanaume wale nikasema, "Uthi ilambile, baba." Yaani, anasema ng'ombe ana njaa. Kweli nilisema. Mzee mmoja aliyeketi kwenye kreti ya soda akaangua kicheko. "Eish, mwacheni! Huyu anajua ng'ombe. Tangu jana mnyama hajala, nyie mnapiga tu, watoto wa mjini!" Wakakupa kamba. Ulipiga mluzi, ukamkuna nyuma ya sikio, akashuka. Njia nzima ulinishika bega. "Wewe msichana una moyo wa dume," ulisema.

Lakini ulikuwa umenipa mgongo, Babu, hukuona. Kabla sijasema lolote, mwenye kamba alinigeukia: "Wewe, uko naye huyu?" Nikatikisa kichwa kukataa. Nikavuka barabara hadi mlango wa spaza, kiduka cha mtaani, nikajifanya natazama mikate. Nilisimama pale mpaka fimbo ya kijana mmoja ilipoinuliwa juu ya kofia yako. Ndipo nikarudi mbio.

Kila uliponisifu mbele ya watu wa kanisani, nilifungua kinywa nikakifunga tena. Ulidhani ni aibu yangu ya siku zote. Jumapili nitamwambia Mama. Nimeanza na wewe kwa sababu huwezi tena kunitazama, na najua kwamba huo nao ni woga.

Pumzika, Babu.

Mjukuu wako, yule uliyekuwa naye