Leo Ilikuwa Zamu Yangu ya Kukandika

Juba, Jumamosi, mwezi wa pili.

Jua kali tangu asubuhi, na vumbi la barabara mpya limeingia mpaka kwenye chai. Leo ningekuwa mtaa wa Kator, nimefunga leso kiunoni, mikono yote miwili kwenye udongo. Badala yake niko chumbani kwangu, hapa mtaa wa Custom. Nimefunga mlango tangu Shangazi aondoke na sitaki kusalimiwa na mtu.

Kasri lilibomolewa juzi.

Najua neno kasri litawachekesha wanaoijua nyumba ile. Hata mimi lilinichekesha. Marehemu baba alinilea Nakuru, kwenye chumba kimoja, akinisimulia kasri la babu yake, mfalme wa mvua, nami nikalijenga kichwani kwa marumaru na ngazi. Amani iliposainiwa nikaja Juba. Wakanipeleka Kator, wakanionyesha nyumba ndefu ya udongo yenye paa la nyasi, na ubavuni mwake chumba cha matofali kilichoinama. Nikauliza kasri liko wapi. Shangazi Keji, dada yake baba, alicheka mpaka akakaa chini.

Kuelewa kulikuja baadaye. Mvua ilipogoma, watu walikuja hapo kutoka mbali, wakafunga mbuzi wao uani, wakangoja mfalme atoke. Chumba cha matofali kilijengwa enzi za Waingereza ili mkubwa wao apate pa kukaa akija. Mfalme mwenyewe hakulala humo hata mara moja, alisema kinanuka chokaa. Vita vilipokuja askari wakahamia humo na kuchoma milango kuwa kuni. Ila ule ukuta wa udongo ulisimama muda wote, kwa sababu ulikuwa na mabinti.

Kila kiangazi mabinti wa nyumba ile huukandika upya. Binti anayekandika kwa mara ya kwanza huacha kiganja chake kwenye udongo mbichi, upande wa nyuma, karibu na jiko. Mwaka unaofuata udongo mpya hukifunika, kwa hiyo huwezi kukiona. Lakini kipo. Shangazi aliwahi kunishika mkono akauweka ukutani.

"Hapa ndani iko mimi," alisema. "Nyuma yangu iko habooba yako."

Habooba ni bibi. Shangazi alikimbilia Uganda wakati wa vita, Kiswahili chake alikiokota huko, na nakipenda kuliko changu.

Asiye na kiganja kwenye ukuta ule ni mgeni. Atakaribishwa, atapewa chakula kizuri, lakini ni mgeni. Na mimi nimechoka kuwa mgeni. Kenya nilikuwa mkimbizi, hapa Juba wananiita Mkenya. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kiganja kile.

Mwaka jana ilikuwa zamu yangu. Kisha baba akafariki Nakuru, na nyumba yenye msiba haikandikwi. Tukangoja. Msiba ulipoondolewa, Shangazi akachagua siku ya leo.

Kabla ya Krismasi watu wa barabara walipita wakipaka alama nyekundu. Walimwambia baba mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa nyumba sasa, aende akaombe kiwanja kiandikwe kwa jina lake, huenda barabara ikapindishwa kidogo. Akakataa. Katika ukoo wetu watu ndio huja kuomba ardhi, na mwenye kiti cha mfalme hamwombi mtu.

"Niombe kwa nani?" aliniuliza, kana kwamba mimi najua.

Nilimsihi. Nilimwambia dunia imebadilika. Akawaletea wale vijana wa rangi nyekundu maji ya kunywa, kwa heshima zote, akarudi kukaa.

Nimemkasirikia sana. Na ninamwonea fahari. Sijui niviweke wapi vyote viwili.

Juzi nilipopigiwa simu nilitoka kazini mbio, nikapanda boda. Greda lilikuwa linasukuma na ukuta ulikuwa unakataa. Ulipopasuka niliona ndani yake, tabaka juu ya tabaka, nyembamba, nyekundu, kijivu, tena nyekundu, kama chapati iliyokunjwa vizuri. Wanawake wote wale. Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake ng'ambo ya barabara, kofia mkononi. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Leo nikafikiri yameisha. Halafu mchana Shangazi akabisha mlango, gunia kichwani. Alikuwa ametembea kutoka Kator kwa miguu, alikataa boda isije ikaumwaga udongo. Ulikuwa udongo wa ule ukuta, aliouokota kwenye kifusi.

"Taali, biniya," akasema. Njoo, binti. "Leo iko siku yako."

Tukaukoroga kwenye beseni langu la kufulia, akaanza kukandika ukuta wa chumba changu. Chumba changu ni cha mabati. Udongo ulishika kidogo, ukateleza, ukaanguka sakafuni. Akarudia. Ukaanguka. Akajaribu chini kabisa, akajaribu pembeni kwenye mbao. Mimi nilikuwa nimesimama na kiganja tayari, kama mjinga.

"Hii bati inakataa," alisema mwishowe. Kisha, polepole: "Malesh, biniya."

Aliniomba samahani. Yeye, mimi! Akafuta mikono kwenye kitenge chake, akaondoka bila chai.

Nilipobaki peke yangu nilikibonyeza kiganja changu kwenye udongo uliobaki ndani ya beseni. Kiko hapo hata sasa ninapoandika, vidole vyote vinaonekana, na kingo zimeanza kukauka. Hakuna binti atakayekandika juu yake.

Kesho ni Jumapili, siku yangu ya kufua nguo za kazi.

Beseni ninalo moja tu.