Uzi Mlangoni kwa Shangazi

Bweni la Wasichana,
Chumba cha 14.
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kitandani, dirisha liko wazi, na mwanga wa alasiri unatambaa ukutani polepole hata najisahau nikiutazama. U hali gani huko uliko? Lile goti limekubali kupanda ngazi, au bado linataka kubembelezwa? Sisi hatujambo, mimi hapa bwenini na wazazi wangu kule nyumbani. Kaka yako anakoroma kama kawaida yake, na wifi yako anakana katakata kwamba naye hukoroma.

Masomo yananiendea vizuri. Mlisema nitamaliza chuo nikiota ndoto za mchana. Bado naota, ila siku hizi naota nikiwa na kalamu mkononi. Wanafunzi tisa tumeanzisha utafiti wetu kuhusu watu wasio na pa kuishi mtaani. Hakuna mwalimu aliyetutuma. Kila asubuhi tulikuwa tukipita sokoni tunawakuta wakikunja maboksi waliyolalia, na ikafika siku tukashindwa kupita tu.

Swali letu ni jepesi: kuna watu wasio na nyumba, na kuna nyumba zisizo na watu; je, hawa hawawezi kukutanishwa na hizo? Ili kujua nyumba ipi ni tupu, mwenzetu tunayemwita Mhandisi alibuni njia. Tunafunga uzi mwembamba kutoka kwenye kitasa hadi kwenye fremu ya mlango. Tukirudi baada ya wiki mbili tukaukuta mzima, tunaandika kuwa nyumba haikaliwi, kisha tunamtafuta mwenyewe na kumwomba chumba. Mpaka sasa wanne wamekubali.

Basi, Shangazi, uzi mmoja ulifungwa mlangoni kwako. Mhandisi hakujua ni kwako, na mimi siku hiyo nilikuwa mtaa mwingine. Waliporudi waliukuta umekatika, wakaandika kwenye fomu: inakaliwa.

Kumbe mkataji ni mimi. Kila Jumamosi huenda kufagia na kufungua madirisha, kama wifi yako alivyoniagiza. Huo uzi wala sikuuona. Unanijua, nikifika mlango ule mawazo huwa yameshatangulia ndani. Mimi huketi kwenye kochi lililofunikwa shuka, nikaona kama marehemu mumeo yuko chumba cha nyuma anatafuta miwani yake, na sasa hivi atauliza nani ameihamisha. Nampenda bado, Shangazi. Sijasahau ulivyosema siku unaondoka, kwamba nyumba isiguswe.

Nilipoiona ile fomu nilinyamaza siku tatu. Nilijidanganya kwamba si uongo, maana mimi huwamo humo japo saa moja kwa wiki. Halafu nikaona haya. Nabisha hodi kwa watu nikiwaomba vyumba vyao, na ufunguo wa kwako umo mfukoni mwangu! Nikawaeleza wenzangu, nikalifuta lile neno. Mhandisi alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nakuomba chumba cha wageni, kile cha mbele. Cha marehemu kibaki kimefungwa kama ulivyokiacha. Ni kwa ajili ya mama mmoja mshonaji. Nyumba aliyopanga ilibomolewa mwaka jana, na tangu hapo analala sokoni. Cherehani anayo, lakini imehifadhiwa kwa muuza mkaa kwa sababu hana pa kuiweka, na muuza mkaa anahama mwisho wa mwezi. Ikikosa pa kwenda, itauzwa, na kazi yake itakuwa imekwisha. Kaka yako aliniambia nisikusumbue. Nisamehe, nimekusumbua. Ukikataa sitanuna, na Jumamosi nitafagia kama kawaida.

Mama huyu mchana hushona kwa mkono barazani kwako. Jumamosi huwa anazunguka kutafuta kazi, ndiyo maana hatukuwahi kukutana mpaka nilipokwenda kumhoji wiki iliyopita. Nilimuuliza kwa nini amechagua baraza ile miongoni mwa zote. Alikata uzi kwa meno, akafikiri kidogo.

“Pamefagiliwa,” akasema. “Mwenye nyumba simjui, lakini ana utu. Mwaka mzima hajanifukuza hata siku moja. Ukimwona, mwanangu, nishukurie.”

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hujui hata kama yupo. Sasa unajua.

Nisalimie sana dada mkubwa na mumewe, na yule mjukuu wako asiyekaa kitako. Mwambie bado namdai mbio moja. Wifi yako na kaka yako wanakusalimu, kila mmoja akitaka atajwe wa kwanza. Mungu akulinde, akupe usingizi mtamu na asubuhi isiyo na maumivu.

Mimi mwanao ninayekupenda na kukukumbuka,

Kipepeo