Aliyekuwa Akitubishia Hodi

Kasingirima, Ujiji

Mwanangu Evaline,

Nakusalimu kwa heshima, nikiomba radhi kukusumbua ukiwa kazini. Dagaa wameanza kupatikana tena Kibirizi, na kaburi la mama yako mkubwa nimelipalilia.

Shirika lenu bado linatununulia umeme sisi wazee, nasi tunashukuru. Namba za luku zinafika kwenye simu. Ila mshahara wa Dainess umesitishwa, naye ndiye aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba kutuingizia namba hizo kwenye mita, kwa kuwa macho yetu hayasomi tena tarakimu ndogo. Alikuwa akibisha hodi na kuuliza, “Shikamoo Mzee, bado upo?” Nami nilikuwa nikimjibu, “Marahaba, nipo, sijapata nauli ya kuondoka.” Tulicheka kila mara.

Jirani yangu Eliakimu tulimzika Jumanne. Alianguka gizani ndani mwake, na siku kadhaa zikapita bila mtu kubisha, hata mimi. Katika simu yake tulikuta umeme wa mwezi mzima, haujaingizwa.

Uniwie radhi, mwanangu, lakini waambie wakubwa wako wapunguze umeme wetu, wamlipe Dainess.

Bado nipo,

Baba yako mkubwa,
Oswald