Mtakatifu wa Darini

Mpendwa Shangazi Hermina, naomba unisaidie kabla sijawa mtakatifu kabisa, maana nina miaka kumi na tano, nasoma kwa Kiserbia na Kihungari na mbele za watu lugha zote mbili hunikimbia, ila nikipanda darini kwa bibi, katikati ya pilipili zinazokauka, nasali mpaka machozi yananitoka na nahisi Mungu ameinama kunisikiliza, wakati sinagogini wazee wanasoma mbiombio kama waliochelewa treni, wakipumzika wanazungumzia magoti yao na mpira, nami nimekaa pale kama kiti cha ziada. Basi Sabato iliyopita nikabaki darini, nikawaombea wafiwa wote wa dunia, nikalia vizuri sana, hata nikajisifu kidogo, kumbe huko sinagogini wanaume wanajihesabu kwa desturi yetu ya kutowahesabu watu waziwazi, "Si mmoja, si wawili," wakafika si tisa wakakwama, na Bwana Lendvai, aliyefiwa na mama yake majira ya baridi, akafunga kitabu bila kumsomea Kadishi, sala ya wafiwa, kwani wanaume wasipotimia kumi haisomwi, nami kwa umri wangu nahesabiwa. Jioni akaja kwetu na keki, maana bibi alishawaambia naumwa tumbo.

"Pole, mjukuu wangu," akasema mzee Lendvai. "Ule kidogo kidogo."

Nikaila yote, Shangazi. Sasa nisali pale ninapomhisi Mungu, au nikawe kiti?

Mwenye haya, Subotica

Mwanangu,

Haya unayo, ila umeipeleka siko. Machozi yako nayaamini, na wazee wetu wanachosha kweli, hata mimi huwa nasinzia. Lakini nani kakwambia Lendvai anataka moyo wako uwake moto? Anataka kiwiliwili chako kwenye benchi, pamoja na hilo tumbo lililomaliza keki. Umewaombea wafiwa wote wa dunia, ukamwacha yule mmoja anayekuletea chakula!

Siku nyingine panda darini ulie utakavyo, pilipili hazitakusema. Sabato unashuka. Kesho nenda kwa Lendvai, mwambie hukuumwa. Akikufokea, tulia, keki yake umeshakula. Muulize mama yake aliitwa nani, ili huko darini umlilie mtu mwenye jina.

Na Sabato usichelewe. Wataanza tena kujihesabu, si mmoja, si wawili. Wakifika si tisa, wewe ingia tu. Huna haja ya kusema neno.