Minyaa ya Boma Letu

Baba yangu,

Salamu zikufikie huko ulikolala, na Mungu akuongezee nuru. Sisi hapa Kiegei wazima. Ufuta umekubali, Mama anakula vizuri, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Ila nina jambo, na nisipokuambia wewe nitamwambia nani?

Wale watu wa mambo ya kale uliowaandikia barua miaka nenda rudi, wamekuja. Na wewe hupo! Nililia mbele yao bila aibu. Walikuja kupima boma letu, lile tuta na handaki nyuma ya nyumba, walikojificha babu zetu wakati Wangoni walipokuja kuteka watu. Wakiona lina thamani, linahifadhiwa. Wasipoona, basi, na jirani yetu alishaanza kulinyemelea apanue shamba lake la mikorosho.

Sasa nisikilize, usikasirike. Kwenye arobaini yako niliona aibu watu waje kwenye kisomo wakute pori. Nikafyeka, Baba. Minyaa yote iliyoota juu ya tuta, yote, nikafagia mpaka ndani ya handaki. Utomvu ukaniingia jichoni, siku mbili sikuona vizuri, lakini nilijisifu kwamba nimekutengenezea mahali pako.

Mmoja wao, dada mpimaji, alizunguka tuta, akauliza, "Minyaa iko wapi?" Kumbe ndiyo ilikuwa ukuta wenyewe! Adui akiikata, inampofusha. Ndiyo maana ulikuwa unanifokea, "Acha hiyo! Mchafu ni wewe!" nami nikidhani ni uvivu wako wa kushika panga. Wangoni wameshindwa, nimeweza mimi binti yako. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijua nimeliua boma lako, na kaburi lako bado bichi.

Matawi nilikuwa nimeyatupa bondeni. Tukaenda kuyaangalia: mabichi! Mpimaji akasema tuyarudishe hayohayo, tusilete ya kwingine. Tulipanda siku tatu, Mama kakaa kwenye kiti anatuamrisha, na yule jirani nikamshikisha jembe, hakuwa na pa kukimbilia. Wiki iliyopita mpimaji amerudi, akakuta yamechipua tuta zima. Ameandika kwamba boma lihifadhiwe. Nina furaha, Baba, siwezi kukuficha. Nalala usingizi mzuri siku hizi.

Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya mtunzaji. Nikataja jina lako. Yule dada akaniambia taratibu, "Anatakiwa aliye hai, dada yangu."

Nimeandika langu.

Basi pumzika, Baba. Nakuahidi nitalitunza mpaka siku mwanangu atakapofuta jina langu aandike lake.

Binti yako,
Somoe